Louis Leakey: mwanafunzi aliyeanzia Lindi, na mafuvu ya milima ya Taita

Abiria anayeshuka Voi kutoka Mombasa, akashika njia ya Mwatate kupanda Wundanyi, hupita chini ya majabali na mapango ambayo wenyeji wa zamani hawakuyachezea. Wataita walikuwa na ada yao. Mtu mzima akifa alizikwa, na baada ya muda kupita kichwa chake kilifukuliwa, kikawekwa pangoni pamoja na vichwa vya wazee wa ukoo wake. Hapo ndipo jamaa walipokwenda kutambika wakati wa shida. Baadhi ya mapango hayo yangali na mafuvu yake hadi leo.

Nimeyataja mapango haya kwa sababu vijana wetu, kuanzia Voi na Taveta hadi Lamu, siku hizi wanasikia habari za wanafunzi wanaojiunga na vikosi vya kuchimbua mabaki ya kale nchi za nje. Ni nafasi njema. Lakini kabla kijana hajafunga mkoba, na ayajue maisha ya mtu aliyeanza vivyo hivyo akiwa mwanafunzi, akaishia kujulikana dunia nzima. Mtu huyo ni Louis Leakey.

Leakey alizaliwa Kabete tarehe 7 Agosti 1903, wazazi wake wakiwa wamisionari Waingereza. Alikua na watoto wa Kikuyu, akasema lugha yao kama mzaliwa, akaingizwa jandoni pamoja na rika lake. Angali mtoto aliokota mawe meusi yaliyochongeka, akaambiwa kuwa ni zana za watu wa kale. Tangu hapo hakutamani kazi nyingine.

Alipelekwa Uingereza kusoma, akaingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko aliumia kichwa akicheza raga, maumivu yakamzidi, na daktari akamwamuru aache masomo kwa mwaka mmoja. Ajali hiyo ndiyo iliyomfungulia mlango. Mwaka 1924 jumba la makumbusho la Uingereza lilikuwa likituma kikosi Tendaguru, bara ya Lindi, kuchimba mifupa ya madubwana ya kale yaitwayo dinosaria. Kiongozi wake, William Cutler, alijua mifupa lakini hakuijua Afrika. Leakey aliijua Afrika lakini hakuijua mifupa. Akachukuliwa akiwa na miaka 20.

Tendaguru haikuwa mahali papya. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale kwa nguvu za mamia ya vibarua na wapagazi, wakisimamiwa na mnyapara mkuu Boheti bin Amrani. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilibebwa kwa vichwa na mabega hadi bandari ya Lindi. Mnyama mkubwa anayesimama leo katika makumbusho ya Berlin alitoka huko. Watalii wanaomtazama ni wengi, wanaomjua Boheti ni wachache.

Katika miezi yake ya Tendaguru Leakey alijifunza yale ambayo darasani hayapatikani: kupanga kambi, kutafuta maji, kuajiri na kulipa watu, kuufungia mfupa kwa plasta usivunjike njiani. Alirudi Cambridge kumaliza masomo. Cutler alibaki, akashikwa na malaria, akafa huko mwaka 1925. Kazi hii ina hatari zake.

Leakey alihitimu kwa daraja la juu mwaka 1926, na mwaka huohuo akarudi Kenya akiongoza kikosi chake mwenyewe. Walichimba Nakuru na Elmenteita. Vikosi vingine vikafuata, na wanafunzi wa Uingereza wakawa wanakuja kujifunzia kazi kwake. Mwaka 1931 alifika Olduvai, Tanganyika, pamoja na Mjerumani Hans Reck, akaokota mashoka ya mawe mara tu baada ya kufika.

Zama hizohizo za misafara, mafuvu ya Wataita yalifika Cambridge. Mwaka 1931 utafiti juu yake ulichapishwa katika jarida la Biometrika. Miaka mingi baadaye Mmarekani William Howells aliyapima tena, akayaingiza katika hesabu zake za kulinganisha vichwa vya watu wa dunia. Hivyo wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo wamekuwa wakilijua jina la Wataita kutoka kwenye jedwali la vipimo, hali hawajui milima yenyewe iko upande gani. Kwa mtaalamu kilikuwa kipimo. Kwa ukoo kilikuwa kichwa cha babu. Wakati wa ukoloni, aliyeshika kalamu ndiye aliyeamua kipi kiitwe elimu na kipi kiitwe ushirikina.

Haraka ilimponza Leakey mwenyewe pia. Mwaka 1932 huko Kanam, karibu na Ziwa Viktoria, mfanyakazi wake Juma Gitau alitoa kipande cha taya la binadamu. Leakey alitangaza kuwa ni la kale mno. Mwaka 1935 mtaalamu wa miamba, Percy Boswell, alikuja kuhakikisha. Vyuma vya kuweka alama havikuonekana tena, na picha iliyotolewa kuwa ya mahali pale ilikuwa ya mahali pengine. Leakey hakuweza kuonyesha kwa uhakika taya lilitoka wapi. Jina lake likachafuka kwa miaka mingi. Mfupa usiojulikana ulipotoka umepoteza nusu ya maneno yake.

Hakukata tamaa. Pamoja na mkewe wa pili, Mary, walifanya kazi Olorgesailie wakati wa vita vikuu vya pili, na mwaka 1947 aliandaa Nairobi mkutano wa kwanza wa wataalamu wa historia ya kale ya Afrika nzima. Wakati wa Mau Mau alisimama upande wa serikali ya kikoloni, na katika kesi ya Kenyatta kule Kapenguria alikuwa mkalimani, mpaka mawakili wa utetezi walipompinga akajiondoa. Wakikuyu wengi aliokua nao hawakulisahau hilo.

Tarehe 17 Julai 1959 Leakey alikuwa amelala na homa kambini Olduvai. Mary alitoka peke yake, akaliona fuvu ambalo lilikuja kukadiriwa kuwa na umri wa karibu miaka milioni 1.75. Dunia ikageuza uso kuitazama Afrika Mashariki kuwa chimbuko la binadamu. Mwaka 1960 Leakey alimtuma Jane Goodall, msichana asiyekuwa na shahada, kwenda Gombe kuwachunguza sokwe. Aliwaamini vijana kwa sababu yeye naye aliaminiwa akiwa kijana. Alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru.

Nyuma yake walikuwepo watu kama Heselon Mukiri, aliyefanya naye kazi kwa miongo kadhaa na kuvumbua mengi. Jicho lililouona mfupa mara nyingi lilikuwa la Mwafrika, na jina lililoandikwa juu ya karatasi lilikuwa la Mzungu. Vikosi vya wageni bado vinakuja Kenya, na kwa mwanafunzi wa kigeni aliyelipa karo kuchimba Turkana ni jambo la kawaida. Mtoto wa Sagalla au Kasigau anastahili kushika kijiko cha kuchimbia na kalamu ya kuandikia vilevile, hapa kwetu na huko ng'ambo.

Basi kijana atakayepata nafasi hiyo asiogope, aende. Ajifunze kuandika mahali, kimo na tarehe kabla hajakigusa kitu. Aulize kibali kimetoka kwa nani na vitu vitawekwa wapi. Na atakapokuta mifupa ya watu katika nchi ya wengine, akumbuke mapango ya kwao, aulize kwanza wenye mifupa ni kina nani. Swali hilo halikuulizwa vya kutosha mafuvu ya Taita yalipoondoka, na mtoto wa Taita ana haki kuliko wengi ya kuliuliza.