Behring, mtoto wa mwalimu aliyepigana na sumu ya difteria

Emil Behring alizaliwa tarehe 15 mwezi wa tatu 1854 kijijini Hansdorf, fasi ambayo leo iko ndani ya Poland. Baba yake alikuwa mwalimu mwenye watoto 13, na feza ya kumlipia masomo ya udaktari haikuwako. Basi akaingia chuo cha madaktari wa jeshi kule Berlin. Masomo yalikuwa bure, lakini kisha alipaswa kutumika jeshini miaka mingi.

Wakati ule difteria, ao dondakoo, ilikuwa inamaliza watoto Ulaya. Mikrobe inakaa kooni na kutandaza utando mzito wa rangi ya majivu. Shingo inavimba, mtoto anakosa pumzi. Lakini wengine walikufa hata kisha koo kupona. Mwaka 1888, Émile Roux na Alexandre Yersin wa Paris walionyesha sababu: mikrobe inabaki kooni, ila sumu yake ndiyo inasafiri na damu. Ikifika kwenye moyo, moyo unalegea. Ikifika kwenye mishipa ya fahamu, mtoto anashindwa kumeza, hata miguu inakosa nguvu.

Behring, sasa akitumika kwa Robert Koch, alitafuta namna ya kushika sumu hiyo njiani. Mwaka 1890, yeye na Mjapani Shibasaburo Kitasato walionyesha kwamba damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu kidogo-kidogo inapata kinga, na kinga hiyo inaweza kupewa mwingine. Kisha farasi ndio walitumiwa kutoa serumu ya wagonjwa. Mwaka 1901 Behring alipewa tuzo ya kwanza ya Nobel ya udaktari.

Serumu ina mpaka wake: inashika sumu ambayo bado iko ndani ya damu, lakini ile iliyokwisha kuingia moyoni haiwezi kuitoa. Ndiyo maana kuchelewa siku moja tu kunaweza kuua.

Behring alikufa Marburg tarehe 31 mwezi wa tatu 1917. Miaka michache kisha, Mfaransa Gaston Ramon aliivunja sumu ile makali na kuifanya chanjo. Ndiyo hiyo imo ndani ya sindano ambayo mtoto wa Mulongo anapewa akiwa na majuma 6, 10 na 14. Mama akiona koo ya mtoto ina utando wa majivu, asingoje kesho: amupeleke kwa munganga siku ileile.