Roald Dahl: ndege ngeni, njia isiyo sahihi

Wengi tunamjua Roald Dahl kwa vitabu vya watoto. Wachache wanajua kuwa mwaka 1938 aliletwa Dar es Salaam na kampuni ya mafuta ya Shell, na Kiswahili akakijua.

Vita vilipozuka 1939 alijiunga na jeshi la anga la Uingereza. Urubani alianza kujifunza Nairobi, akamalizia Iraq. Tarehe 19 Septemba 1940 alikabidhiwa ndege aina ya Gladiator, ambayo mwenyewe alieleza kuwa hakufunzwa kuirusha, aipeleke kikosini katika jangwa la Misri. Alielekezwa vibaya. Jua likazama, mafuta yakapungua, kambi haionekani. Akajaribu kutua mchangani, ndege ikagonga jiwe. Fuvu likapasuka, na kwa wiki kadhaa hakuona.

Mwaka 1942 jarida moja la Marekani likachapisha kisa chake kana kwamba alitunguliwa. Haikuwa hivyo.

Dahl alipona, akaishi hadi 1990. Wengi aliofunzwa nao Nairobi walikufa vitani.

Mimi naona chombo kikianguka twamwandama nahodha peke yake. Aliyemtuma naye aulizwe: ulimfunza chombo hicho? Ulimwonyesha njia ya kweli?