Taha Hussein hakuzaliwa kipofu

Taha Hussein anapotajwa katika mihadhara yetu, hutajwa kwa mambo mawili. Wapo wanaomsifu kuwa upofu haukumzuia kuwa msomi mkubwa. Na wapo wanaomlaumu kwa kitabu chake cha 1926 kuhusu mashairi ya Jahiliya, kilichowakasirisha masheikh wa Al-Azhar. Mimi nami nakilaumu kitabu kile. Lakini makundi yote mawili yanaruka jambo la mwanzo: mtu huyu alizaliwa akiona.

Alizaliwa Novemba 1889 karibu na Maghagha, Misri ya Juu, mtoto wa 7 kati ya 13. Alipokuwa na umri wa miaka kama mitatu macho yalimuuma. Akaachwa siku kadhaa, kisha akaitwa kinyozi, kwani kijijini kinyozi ndiye aliyekuwa tabibu. Kinyozi akatibu alivyojua, na mtoto hakuona tena. Hakuna aliyemtakia mabaya. Wazazi walimpenda. Kilichokosekana ni ujuzi na haraka.

Misri ya siku zile ilijaa maradhi ya macho. Nzi walitua kwenye tongotongo za mtoto mmoja wakahamia kwa mwingine, na maji ya kunawa yalikuwa haba. Vikope navyo vilienea mno. Maradhi hayo yakimrudia mtu mara kwa mara huacha kovu ndani ya kope, nyusi za kope zikageukia ndani na kukwaruza kioo cha jicho kila anapopepesa. Kioo kikishaingia ukungu, nuru imekwenda.

Taha alihifadhi Qur'an angali mdogo, akaingia Al-Azhar 1902. Mwaka 1914 alipata udaktari wa falsafa katika Chuo Kikuu cha Misri, kisha akasoma Ufaransa, ambako mkewe Suzanne alimsomea vitabu. Mwaka 1950 akawa waziri wa elimu na kufanya elimu ya sekondari kuwa bure. Alifariki Oktoba 1973.

Utafiti wake wa 1914 ulimhusu Abul-Alaa al-Ma'arri, mshairi wa Sham aliyepofushwa na ndui akiwa na miaka kama minne, zaidi ya miaka 900 kabla yake. Kipofu akamwandika kipofu, na wote wawili walipoteza macho utotoni kwa maradhi ambayo leo yana kinga au dawa.

Ndui ilitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 1980. Vikope bado vipo katika baadhi ya wilaya zetu za wafugaji, ingawa kunawa uso, vyoo na dawa za vidonge huvizuia, na kope iliyogeuka hurekebishwa kwa upasuaji mdogo. Hata hapa mjini, penye zahanati kila mtaa, mtoto akiamka na jicho jekundu bado wapo wanaomkamulia majani au kumtia dawa iliyobaki kwa jirani, wakisubiri Jumatatu.