Thomas Clarkson

Thomas Clarkson alizaliwa mwaka wa 1760 katika mji wa Wisbech, Uingereza. Baba yake alikuwa kasisi na mwalimu, naye Thomas alipokua akaingia chuo kikuu cha Cambridge, akikusudia kuwa kasisi vile vile.

Mwaka wa 1785 wanafunzi walipewa swali la kuandikia insha kwa Kilatini: je, ni halali kuwatia watu utumwani pasipo hiari yao? Clarkson hakujua mengi juu ya jambo hilo. Alitaka sifa ya kushinda tu. Lakini alipokuwa akisoma habari za biashara ya watumwa, usingizi ulimruka. Akashinda, kisha akapanda farasi kwenda London. Njiani, karibu na Wadesmill, akashuka akaketi kando ya barabara, moyo wake mzito. Ikiwa aliyoyaandika ni kweli, basi sharti atokee mtu wa kuyakomesha.

Mwaka wa 1787 watu 12 wakafanya halmashauri mjini London ili kuipinga biashara hiyo. William Wilberforce akawa msemaji wao Bungeni. Lakini maneno matupu hayakutosha, kwa maana matajiri wengi walipata mali kwa kazi ile. Kutafuta ushahidi kukawa kazi ya Clarkson.

Huko Liverpool alinunua dukani pingu, vyuma vya kubana vidole gumba, na chombo cha kupanua kinywa cha mtumwa aliyekataa kula. Vitu hivyo viliuzwa wazi, kama majembe. Siku moja kundi la watu likamjia gatini ili limsukume baharini. Kwa kuwa alikuwa mrefu, mwenye nguvu, akawapenya akaokoka.

Wenye merikebu walidai kwamba watumwa ni mateka wa vita na wahalifu tu. Clarkson akasikia kwamba yuko baharia aliyepanda mitumbwi katika mito ya Calabar akaona jinsi watu walivyokamatwa, lakini jina lake halikujulikana. Akamtafuta merikebu kwa merikebu, bandari kwa bandari, hata akampata Plymouth. Naye akaeleza habari za vijiji vilivyovamiwa usiku.

Tena alichukua sanduku lenye nguo zilizofumwa, pembe za ndovu na pilipili, awaonyeshe watu kwamba Afrika ina bidhaa njema za kuuza, pasipo kuuza wanadamu.

Katika miaka 7 alisafiri maili 35,000 hivi. Mwaka wa 1794 afya yake ikavunjika, akaenda kulima shamba. Mwaka wa 1804 akarudi kazini. Mwaka wa 1807 Bunge likakataza biashara ya watumwa, lakini waliokwisha kununuliwa wakabaki watumwa. Sheria ya kuwaacha huru ilitolewa mwaka wa 1833, na hata hivyo wengi walilazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale mpaka mwaka wa 1838.

Clarkson alifariki mwaka wa 1846. Wanaume wa dhehebu la Marafiki, ambao kwa desturi yao hawakumvulia kofia mtu yeyote, hata mfalme, walivua kofia zao kaburini pake.