Sørensen: Mtoto wa mkulima aliyeipa dunia kipimo cha pH

MKAZI wa Mwandoya, wilayani Meatu mkoani Simiyu, anayeteka maji kisimani ili kumwagilia bustani ya mchicha na nyanya nyuma ya nyumba yake, anaweza kukabiliwa na tatizo lisiloonekana kwa macho. Maji huwa maangavu, wala hayana harufu. Lakini wiki chache baadaye majani machanga ya nyanya hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani.

Mara nyingi chanzo ni magadi na chokaa. Maji yaliyopita katika miamba na udongo wenye madini hayo huuzuia mmea kufyonza madini ya chuma, hata kama chuma kimo tele ardhini. Hali hiyo huanza kubainika kwa namba moja fupi, pH, na aliyeibuni namba hiyo alikuwa mkemia wa Denmark, Søren Peder Lauritz Sørensen.

Sørensen alizaliwa Januari 9, 1868 katika kijiji cha Havrebjerg, nchini Denmark, akiwa mtoto wa mkulima. Alipofikisha umri wa miaka 18 alijiunga na Chuo Kikuu cha Copenhagen kusomea udaktari wa binadamu. Hakudumu katika fani hiyo. Chini ya mvuto wa mkemia mashuhuri S. M. Jørgensen aligeukia kemia, na mwaka 1899 akapata shahada ya udaktari kwa utafiti wa michanganyiko ya madini ya kobalti, mada iliyokuwa mbali kabisa na maji, udongo na mimea.

Mwaka 1901 alikabidhiwa idara ya kemia ya Maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, akichukua nafasi ya Johan Kjeldahl, aliyefariki dunia mwaka mmoja kabla. Maabara hiyo ilianzishwa mwaka 1875 na mwenye kiwanda cha bia, J. C. Jacobsen, kwa sharti lisilo la kawaida miongoni mwa wafanyabiashara: matokeo ya utafiti wenye manufaa yasifichwe. Pengine bila sharti hilo pH ingebaki siri ya watengeneza bia kwa miaka mingi.

Kazi ya Sørensen ilihusu protini na vimeng'enya, yaani vichocheo vya asili vinavyobadilisha nafaka kuwa kimea na kimea kuwa pombe. Aligundua kuwa vimeng'enya hufanya kazi vizuri au vibaya kutegemea ukali wa tindikali katika kimiminika vilimo. Tatizo lilikuwa namna ya kuueleza ukali huo. Wakemia wa wakati huo waliandika desimali ndefu zilizochosha macho. Katika maji safi yasiyo na tindikali wala magadi, kwa mfano, chembe za haidrojeni zenye chaji ni 0.0000001 ya moli kwa lita.

Mwaka 1909 alipendekeza njia ya mkato. Badala ya kuandika sifuri zote hizo, ihesabiwe nafasi ambayo tarakimu 1 imesimama baada ya nukta. Hapo ni nafasi ya saba, basi maji safi yakawa na pH ya 7. Chini ya 7 ni tindikali, juu yake ni upande wa magadi. Kila hatua moja ni badiliko la mara kumi, hivyo anayedhani kuwa maji ya pH 8.5 yamepishana kidogo tu na ya 6.5 anakosea: tofauti ni ya mara mia moja. Herufi H ni ya haidrojeni. Kuhusu p, wataalamu hawajakubaliana hadi leo ni kifupi cha neno gani.

Wengi humkumbuka kwa alama hiyo, lakini sehemu nzito zaidi ya andiko lake la 1909 ilihusu usahihi wa kupima. Alieleza njia mbili, ya umeme na ya rangi. Njia ya umeme aliitegemea zaidi, ila ilikuwa ya taratibu na ilihitaji vyombo vya maabara. Ile ya rangi ilikuwa nyepesi: dawa hudondoshwa katika maji, rangi ikabadilika, kisha ikalinganishwa na rangi ya vimiminika ambavyo pH yake inajulikana. Alitumia muda mrefu kuandaa vimiminika hivyo vya kulinganishia, na kimoja kilichotengenezwa kwa fosfati bado kinaitwa kwa jina lake maabarani.

Alionya pia kuwa rangi hudanganya. Chumvi nyingi au protini katika kimiminika huweza kuipotosha kabisa. Onyo hilo linawahusu moja kwa moja wakazi wa nyanda zinazoteremkia Ziwa Eyasi, ambako baadhi ya visima ni vya maji chumvi. Karatasi ya kupimia iliyochovywa katika maji ya aina hiyo ni ya kukisia tu.

Mwaka 1934, Sørensen akiwa bado kazini, Mmarekani Arnold Beckman aliunda mashine ya umeme ya kupima ukali wa juisi ya malimau. Kutoka katika chombo kile kikubwa vimetokana vipima pH vya mkononi vya leo, ambavyo mtunza bustani wa mjini huvinunua na kuviamini mara tu anapovitoa kwenye boksi. Hapo ndipo kazi ya Sørensen inaposahauliwa. Kipima ambacho hakijarekebishwa kwanza kwa kimiminika cha pH 7, kisha cha pH 4 au 10 kulingana na maji yanayopimwa, hutoa namba isiyo na msingi wowote. Ncha yake ya kioo ikiachwa ikauke, huharibika. Maji ya kisima kirefu nayo yapimwe mara yatekwapo, kwa kuwa hewa ya ukaa iliyomo hutoroka na pH ikapanda ndani ya ndoo. Maji ya mvua, kinyume chake, huwa na madini machache mno kiasi kwamba namba huchelewa kutulia, na mwenye haraka huandika iliyo mbali na ukweli.

Mboga nyingi hustawi udongo ukiwa na pH ya kati ya 6 na 7. Anayeona 8.3 akakimbilia kumwaga majivu huongeza tatizo, kwani majivu yenyewe ni ya upande wa magadi. Ndimu au siki hushusha namba, lakini magadi yakiwa mengi hupanda tena baada ya muda mfupi. Na pH ya 7 haimaanishi kuwa maji ni salama kwa kunywa: floraidi, ambayo ni tatizo katika maeneo kadhaa ya Simiyu, Shinyanga na Singida, haionekani katika kipimo hiki.

Sørensen hakupata Tuzo ya Nobel. Alifanya utafiti wa protini pamoja na mkewe, Margrethe Høyrup Sørensen, aliyekuwa mkemia pia, na aliongoza idara yake hadi mwaka 1938. Alifariki dunia Februari 12, 1939 huko Charlottenlund, karibu na Copenhagen, akiwa na umri wa miaka 71.