Paul Mboya wa Karachuonyo: Chifu na Kalamu Yake

Chifu wa enzi ya ukoloni ni mhusika ambaye fasihi yetu imemzoea mno. Tunamjua kwa kofia yake, fimbo yake na askari wake wawili, akisimama mlangoni pa mjane kudai kodi ya kichwa. Picha hiyo haikutoka hewani. Wapo waliouonja uchungu wake. Hata hivyo, picha ikikaririwa sana huwa haituruhusu tena kumwuliza mtu mwenyewe alikuwa nani, alitumwa na nani, na kati ya kazi nyingi alizotwikwa, ni ipi aliyoitanguliza. Paul Mboya, aliyekuwa chifu wa Karachuonyo kuanzia katikati ya miaka ya 1930, ni miongoni mwa machifu wachache wa Kenya ambao twaweza kuwauliza maswali hayo na kupata jibu, kwa sababu aliandika.

Msomaji akumbuke kwanza kwamba ramani ya leo si ramani ya wakati huo. Leo Karachuonyo imo katika Kaunti ya Homa Bay, nayo Uriri, nchi ya watu wa Kanyamkago, imo katika Kaunti ya Migori. Zamani hizo zote mbili zilikuwa lokesheni katika wilaya moja kubwa iliyoitwa Kavirondo ya Kusini, baadaye Nyanza ya Kusini, ambayo makao yake makuu yalikuwa Kisii. Ndani ya wilaya hiyo waliishi Waluo, Waabagusii, Wakuria na Waabasuba. Kwa hiyo mtu aliyeanza kama mtawala wa rasi moja iliyo kando ya ziwa aliweza baadaye kushika kazi iliyowahusu hata wakulima wa Uriri ambao huenda hawakuwahi kumwona kwa macho.

Mboya alizaliwa karibu na mwanzo wa karne ya 20, wakati ambapo Waingereza walikuwa ndio kwanza wanaanza kuandikisha vijiji. Eneo lote la mashariki ya ziwa lilikuwa limehamishwa kutoka Uganda na kutiwa katika Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902, na mwaka huohuo sheria ya kwanza ya wakuu wa vijiji ikatungwa. Mwezi Novemba 1906 Arthur Carscallen, mmisionari wa Kiadventista kutoka Kanada, aliwasili pamoja na Peter Nyambo wa Nyasaland, na kituo chao kikajengwa juu ya kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Carscallen alijifunza Kijaluo hadi akaandika sarufi yake. Gendia ikawa mahali pa shule, pa ibada, na baadaye pa mtambo wa kuchapisha vitabu. Kijana Mboya alisomea hapo, akawa mwalimu, kisha mchungaji. Ni vigumu kukadiria athari ya kukulia mahali ambapo lugha ya mama ilikuwa ikitiwa katika maandishi mbele ya macho ya mtoto. Wengine wa kizazi chake walijifunza kwamba kitabu ni kitu kinachotoka kwa mzungu. Yeye alijifunza kwamba kitabu chaweza kuandikwa kwa Kijaluo.

Kutoka mimbarini alikwenda kwenye kiti cha chifu. Je, kazi yenyewe ilikuwa nini? Sheria ya Mamlaka ya Wenyeji ya mwaka 1912, na ile iliyoifuata mwaka 1937, zilimpa chifu majukumu yanayoweza kujaza daftari. Alitakiwa kudumisha amani katika lokesheni, kukamata wahalifu na kuwafikisha mbele ya hakimu, kuzuia pombe iliyopita kiasi, kuzuia watu kutembea na silaha, kulinda maji yasichafuliwe na miti isikatwe ovyo. Alitakiwa kuwatoa watu kwenda kutengeneza barabara. Na juu ya hayo yote, kodi ipatikane. Kodi yenyewe ilikuwa na historia ya ugomvi: baada ya Vita vya Kwanza ilipandishwa hadi shilingi 16, na ni baada ya vuguvugu la Piny Owacho, lililoanzia Lundha huko Gem mwezi Desemba 1921, ndipo iliposhushwa hadi shilingi 12. Shilingi 12 zilikuwa mzigo mkubwa kwa mtu asiye na mshahara. Kijana wa Karachuonyo au wa Kanyamkago aliyezikosa alilazimika kuzifuata kwenye mashamba ya chai ya Kericho au kwenye machimbo ya dhahabu.

Chifu, basi, alikuwa polisi, karani, mkusanyaji kodi na bwana shamba kwa wakati mmoja. Mabwana wa Kisii walimpima kwa hesabu ya kodi na kwa utulivu wa lokesheni. Raia walimpima kwa mizani nyingine kabisa: je, anasikiliza? Je, akiamua kesi ya mpaka wa shamba, anawapendelea watu wa mlango wake? Mboya alikuwa mkali, na hilo linakubaliwa na wote, waliompenda na waliomchukia. Alikuwa Mwadventista asiyeonja pombe, akitawala watu ambao kwao pombe ilikuwa sehemu ya matanga, ya mahari na ya baraza la wazee. Alihimiza shule. Alitawala katika miaka ambayo serikali ilishurutisha watu kukinga mmomonyoko wa udongo na kupanda mihogo ili njaa ya nzige wa mwaka 1931 isirudi, kisha vita vikaja na kudai vijana na ng'ombe. Anayetekeleza amri za namna hiyo hawezi kupendwa na kila mtu.

Ugomvi mmoja wa wakati huo umesafiri mbali kuliko yote. Katika Kendu Bay aliishi Onyango, mpishi wa Wazungu aliyesilimu na kuitwa Hussein Onyango Obama, mtu mwenye ulimi mkali na asiyependa kuamrishwa. Yeye na chifu hawakupatana. Masimulizi ya ukoo, yaliyokwisha kuingia vitabuni, yanaeleza kwamba uhasama huo ulimfanya Onyango ahame Kendu Bay katika miaka ya 1940 na kurudi Alego, kwenye ardhi ya babu zake, akimchukua mwanawe aliyezaliwa mwaka 1936. Katika ugomvi wa namna hii neno linalouma kuliko yote kwa Mjaluo ni jadak, yaani mtu anayeishi kwenye ardhi ya wengine kwa hisani yao. Mwaka 2008 mjukuu wa Onyango alipochaguliwa kuwa rais wa Marekani, waandishi wa habari walimiminika Kogelo ya Alego, na wengine wakalazimika kuvuka ghuba hadi Kendu Bay kutafuta mwanzo wa hadithi. Habari hii twaipata zaidi kutoka upande wa aliyehama, na haifai kuifanya hukumu. Lakini inaonyesha uzito wa cheo chenyewe: neno la chifu liliweza kuiondoa nyumba nzima upande mmoja wa ghuba na kuipeleka wa pili.

Mtu huyohuyo, katikati ya kodi na kesi, alikuwa akikusanya habari za wazee. Mwaka 1938 kitabu chake Luo Kitgi gi Timbegi, yaani Waluo, tabia zao na matendo yao, kilichapishwa Nairobi. Ni mwaka uleule ambao Jomo Kenyatta alichapisha Facing Mount Kenya mjini London. Vitabu hivi viwili hulinganishwa mara chache, nako kulinganisha kuna faida. Kenyatta aliandika kwa Kiingereza, akiwa mwanafunzi wa Malinowski, na aliwalenga Wazungu waliodhani kwamba Mwafrika hana mpango wa maisha. Mboya hakuwa na chuo kikuu nyuma yake, aliandika kwa Kijaluo, na wasomaji wake walikuwa Waluo wenyewe, hasa vijana wa shule za misheni waliokuwa wakisahau. Mwanafunzi wa Kiswahili atamkumbuka Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye habari zake za desturi za Waswahili zilitolewa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903. Tofauti ni kwamba Mtoro alifanya kazi chini ya mhariri mgeni, ilhali Mboya alikuwa yeye ndiye msimulizi, yeye ndiye karani, tena ndiye mtawala.

Kitabu kinaeleza ndoa, mazishi, ujenzi wa boma, kilimo na mengineyo, lakini kwa makala hii sehemu ya utawala ndiyo yenye uzito. Humo twamkuta ruoth wa kale, aliyetawala kabla ya bendera ya Mwingereza. Hakukaa peke yake. Kulikuwa na buch piny, baraza la nchi, ambamo wazee wa koo walikaa kuamua mambo makubwa. Kulikuwa na osumba mirwayi, kiongozi wa vita. Kulikuwa na jabilo, mganga aliyeulizwa kabla ya mikuki kuinuliwa. Na kulikuwa na ogulmama, kundi la mashujaa waliotumwa kutuliza fujo na kuhakikisha kwamba uamuzi wa baraza umetekelezwa. Hawa ndio waliokuwa polisi wa nchi, nao waliitumikia hukumu ya wazee.

Hapa ndipo maandishi ya Mboya yanapomgeukia mwandishi wake. Chifu wa mwaka 1938 hakuwa na buch piny wa kumzuia. Baraza lake lilikuwa mkutano wa kutangaza amri. Askari wake walimtumikia yeye, naye alimtumikia mkuu wa wilaya. Mtu aliyeandika kwa uangalifu namna ruoth alivyofungwa mikono na wazee wake, kesho yake asubuhi aliamka na kutawala kwa sheria isiyowajua wazee hao. Mboya hakusema kwamba anajilaumu, wala si haki kumsemea. Inatosha kuona kwamba alipopata nafasi ya kuandika, hakuandika sifa za serikali iliyomwajiri. Aliandika habari za utawala ambao serikali hiyo ilikuwa imeuondoa, na akaziandika akiwa bado kazini. Zaidi ya hayo, mchungaji wa kanisa lililokataza mila nyingi za kale alizieleza mila hizo kwa makini, ikiwemo ile ya kurithi mjane.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia aliacha uchifu na kuwa katibu wa baraza la wilaya. Mabaraza ya wenyeji yalikuwa yameanzishwa nchini katikati ya miaka ya 1920, na mwaka 1950 sheria mpya ikayageuza kuwa mabaraza ya wilaya ya Waafrika. Hii ni kazi isiyo na fimbo wala askari. Ni kazi ya bajeti, ushuru wa soko, karo za shule, zahanati na madaraja. Ndipo jina lake lilipofika Uriri na kwingineko katika wilaya kwa namna ambayo uchifu wa Karachuonyo haungeweza kulifikisha.

Kutokana na kazi hiyo kilizaliwa kitabu ambacho wanafunzi wa Kiswahili hawakijui inavyostahili. Mwaka 1959 alitoa Utawala na Maendeleo ya Local Government, South Nyanza, 1926–1957. Anwani yenyewe yafaa kutazamwa mara mbili. Desturi aliziandika kwa Kijaluo. Utawala aliuandika kwa Kiswahili. Sababu yake si ngumu kuikisia: baraza lilikuwa la watu wa lugha nyingi, na Mgusii wa Kisii, Mkuria wa mpakani na Mjaluo wa Kanyamkago hawakuwa na lugha nyingine ya kusomea kwa pamoja habari za kodi yao. Lakini katikati ya anwani hiyo ya Kiswahili maneno mawili ya Kiingereza yamesimama bila kutafsiriwa, kana kwamba taasisi hiyo ilikuwa bado haijapata jina la hapa kwetu. Wanaotafiti Kiswahili cha bara, kile kilichokua ofisini na barazani mbali na pwani, wangefanya vyema kuanzia kitabu hiki badala ya kusubiri riwaya za baada ya uhuru.

Uhuru ulipokuja wengi wa machifu wa zamani walizama. Mboya hakuzama. Alifikia cheo cha Ker, mkuu wa Luo Union, kiti ambacho kabla yake kiliwahi kukaliwa na Oginga Odinga. Cheo hicho hakikuwa na sheria nyuma yake, wala askari, wala kodi. Ker alisikilizwa kwa sababu watu walitaka kumsikiliza. Chama chenyewe kilivunjwa mwaka 1980 pamoja na vyama vingine vya kikabila.

Miaka miwili kabla ya hapo, katika mwaka 1978, mzee huyo alitoa kitabu kingine kwa Kijaluo, Richo ema Kelo Chira. Chira ni ule ugonjwa wa kukonda na kufifia ambao Waluo huamini kuwa humpata mtu aliyevunja mwiko wa ukoo. Richo ni neno ambalo wamisionari waliliteua kwa maana ya dhambi. Anwani inasema kwamba dhambi ndiyo iletayo chira, na katika maneno hayo manne mchungaji wa Gendia na mtunza desturi wa Karachuonyo wanaketi kwenye kigoda kimoja, kila mmoja akitumia neno lake. Ile Luo Kitgi gi Timbegi nayo ilitafsiriwa kwa Kiingereza na Jane Achieng na kutolewa Nairobi mwaka 2001.