Man Ray na Jumba Lisilo na Watu

Man Ray alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1890. Baba yake alikuwa fundi cherehani. Mwaka 1921 alihamia Paris. Huko, mwaka 1923, alinyunyiza chumvi na pilipili manga juu ya utepe wa sinema, akaumulika kwa taa, akapata picha bila kamera.

Lakini mimi napenda zaidi kazi yake ya mwaka 1929. Tajiri Charles de Noailles alimwita Hyères, kusini mwa Ufaransa, apige sinema ya jumba lake jipya pamoja na wageni wake. Mpiga picha mwingine angewaonyesha matajiri wale wakitabasamu. Man Ray alilifanya jumba lile kama hame: kamera yapita chumba baada ya chumba, wala hapana mtu. Wageni walipotokea, aliwavika soksi za hariri usoni, hata asijulikane nani ni nani. Naona ulikuwa ujasiri mkubwa, kumficha uso mtu anayegharimia kazi yako!

Noailles hakuchukia. Alitaka hata kugharimia sinema ndefu, lakini Man Ray alikataa. Alifariki Paris mwaka 1976. Jumba lilinunuliwa na mji wa Hyères mwaka 1973, na siku hizi watu huingia kutazama maonyesho.